Siku Niliyomzika Mama Yako kwa Simu

Mwanangu Mwende,

Mambo ya ufunguo wa chumba, ya maji ya kuchemsha na ya kutomfungulia mtu mlango kabla hujamjua, mama yako amekwisha kukuambia, na yeye akishasema hakuna haja mimi nirudie. Mimi nakuandikia juu ya kitu kingine. Leo nimefunga duka langu la kinyozi mapema. Nimekaa kwenye kiti cha wateja, kile kinachozunguka, na kioo nimekipa mgongo kwa sababu sitaki kujiona nikiandika haya.

Nianze na ile Jumapili uliponiambia umepata kazi. Ulikuwa umemwambia mama yako kwanza, ukatuma habari kwa Susu, bibi yako mzaa mama, kule Kithyoko, ukawaambia majirani, hata katekista alijua. Mimi nikawa wa mwisho. Nilikuuliza kazi ni ya wapi, ukasema Syokimau. Nikakuuliza ni kazi gani, ukasema ya ofisi. Ofisi ya nini? Ukaangalia chini, ukakwaruza meza kwa ukucha, ukasema, "Ya simu tu, baba. Kupigia watu. Ni bima."

Halafu ukangoja. Nilielewa ulichokuwa unangoja. Ulikuwa unangoja nicheke.

Nilisema hongera, nikatoka nje nikajifanya naenda kuangalia ng'ombe. Tangu hapo umekuwa ukidhani nimekasirika, na mama yako amenisihi mara nyingi niseme neno usije ukaondoka na hilo moyoni. Sikukasirika, mwanangu. Niliona aibu. Aibu hiyo ina habari yake, na hukuambiwa kwa sababu ulikuwa shule ya bweni, na kwa sababu mimi niliomba usiambiwe.

Unajua namba yangu iko kwenye kibao cha kinyozi, kwa rangi nyekundu, na yeyote anayepita barabarani anaisoma. Tena nimeiandika kwenye vitabu vya walinzi kila nilipoingia jengo la mjini. Kwa hivyo pengine sikuwa na haki ya kushangaa zilipoanza kuja. Jumbe kwanza. Hongera, umeshinda gari. Umekubaliwa mkopo, ambao sikuwa nimeomba. Tuma neno hili upate kujua timu itakayoshinda. Ukituma lile neno lao la kujiondoa, zinazidi, ni kama umemwambia mbwa wa jirani kwamba uko nyumbani. Halafu zikaja simu. Kiwanja kule Konza, karibu na mji mpya wa kompyuta. Dawa ya kitambi. Bima ya mazishi. Nina wembe shingoni mwa mtu, simu inalia, naacha, napangusa mkono, napokea, na sauti ya kijana inaniita jina langu lote kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nikiuliza namba yangu wameitoa wapi, ananiambia, "Uko kwa sistimu yetu, mzee."

Mwanzoni nilikuwa naomba radhi na kukata. Baadaye nikawa nafoka. Kisha siku moja, nikiwa nimechoka kufoka, niliiweka simu kwenye rafu chini ya kioo, nikaiweka kwa spika, nikaendelea kunyoa huku nikimjibu mwuza viwanja kama mtu mwenye pesa nyingi. Nilimwuliza kama kiwanja kina kivuli. Nilimwuliza kama twiga wanaruhusiwa kupita wakienda kwao. Wateja wakacheka hadi yule niliyekuwa namnyoa nikamwomba atulie nisimkate sikio.

Pale ndipo nilipoharibika, Mwende. Si siku niliyofoka. Watu walianza kuja kunyolewa na kuchekeshwa pamoja, na wengine walikuja ndevu zikiwa bado hazijaota vizuri. Simu ikilia na namba ikiwa ngeni, duka lote lilinyamaza wakiniangalia. Nilikuwa nalaani hizo simu mbele ya watu, nikiwaambia nchi imejaa wasumbufu, na ukweli ni kwamba nilikuwa nazingoja. Siku ikipita bila hata moja nilikuwa naona duka limepoa. Wewe mwenyewe ulinisikia nikizisimulia mezani wakati wa likizo, ukacheka mpaka chai ikakutoka puani. Nilifurahi sana siku hiyo.

Na nyumbani niliweka sheria. Namba usiyoijua usipokee. Mama yako alisema, je, akiwa ni mtu wa kwetu mwenye shida? Nikamwambia mtu mwenye shida atatuma ujumbe, na ujumbe wenyewe usiuamini. Nikasema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Sasa nikuambie siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, duka limejaa. Simu ikalia, namba ngeni, nikaiweka kwa spika. Alikuwa msichana. Alijitambulisha kwa jina la Mumbua, akasema anapiga kutoka kampuni ya bima, na kama niko na dakika chache angependa kunieleza juu ya mpango wa kugharimia mazishi ya familia. Alikuwa anasoma. Unajua mtu akisoma sauti inavyotembea kwenye mstari kama mtoto anayevuka daraja. Na katika kusoma huko Ukamba ulikuwa unamtoka, zile sauti zetu ambazo hata ukisoma vitabu vingapi haziondoki.

Nilitafuta la kusema. Mambo ya twiga walikuwa wamekwisha kuyasikia. Nikaona macho yote kwenye kioo yananiangalia, na neno likatoka kabla sijalipima. Nikasema, "Umenipata siku mbaya, mama. Mke wangu ameaga dunia asubuhi hii."

Mimi nikaendelea. Nikamwuliza kama naweza kulipia sasa halafu tuseme mke wangu alikufa kesho. Watu wote dukani wakainama. Walikuwa wamejifunika nyuso kwa taulo ili kicheko kisisikike, mabega yanatikisika. Nilijua nimewapata.

Nilidhani atakata, au atasoma mstari unaofuata. Aliacha kusoma. Alinipa pole kwa Kikamba, polepole, kama mtu anayekushika mkono. Akaniuliza watoto wako wapi. Nikasema yuko mmoja, msichana, yuko shuleni na bado hajaambiwa. Ndiyo, Mwende, nilikuingiza na wewe. Akaniuliza kama niko na mtu wa kukaa naye. Kisha akasema, "Baba, mimi pia mama yangu alienda nikiwa shuleni. Hebu tuombe kidogo." Akaomba. Pale pale kazini kwake, akiwa na watu kushoto na kulia, aliniombea mimi na wewe, na akamwombea mama yako alazwe mahali pema.

Mimi nilisema amina. Nilisema kwa sauti ya kulia, na hiyo sauti ndiyo iliyowamaliza wateja. Nikakata simu, taulo zikaanguka, na duka likalipuka.

Kile ambacho sikukiona ni mtu aliyekuwa nje. Unamkumbuka Kioko, yule wa pikapu, anayeleta nyanya sokoni kutoka upande wa Masinga? Ni mtu wa Kithyoko, nyumba yao na ya Susu zinaangaliana. Alikuwa amekuja kunyolewa, akasimama nje ya pazia la mlango akingoja nafasi. Alinisikia nikisema mke wangu amekufa. Akachungulia pembeni mwa pazia, akaona wanaume wazima wamejifunika nyuso kwa taulo, mabega yanatikisika. Alidhani wanalia. Akasikia sala, akavua kofia, na kwa heshima akaondoka bila kutusumbua. Aliacha nyanya zake sokoni kwa mtu wa kumuuzia, akageuza pikapu kumpelekea Susu habari, kwa sababu habari kama hiyo haipelekwi kwa simu.

Baada ya Susu kuambiwa walijaribu kupiga. Yeye hana simu, hutumia ya jirani yeyote aliye karibu, na kwa hivyo kila simu iliyomfikia mama yako mchana ule ilitoka kwa namba ngeni. Mama yako alikuwa anafua. Aliziona, akakumbuka sheria, akaacha zilie. Mjomba wako Mwanzia naye alikuwa amebadilisha laini kwa kuchoshwa na hizo hizo jumbe, na namba mpya tulikuwa hatujapewa. Alinipigia mimi. Nilipokea kwa spika. Upepo ulikuwa mwingi upande wake, nikasikia sauti ya mwanamume anayehema akisema, "Shemeji, ni kweli?" Nikawakonyeza wateja. Matapeli wengi huanza hivyo hivyo, shemeji, kuna shida. Nikamwambia, "Hapa hatununui uongo leo, jaribu duka linalofuata," nikaifungia ile namba isiweze kunipata tena.

Fikiria mtu anapiga kuuliza kama dada yake amekufa, halafu anasikia watu wakicheka.

Jua lilikuwa linashuka Mama Kalondu alipopiga, jirani yetu wa ng'ambo ya ua. Namba yake naijua, nikapokea kawaida. Aliniambia, "Baba Mwende, kuja nyumbani. Watu wa Kithyoko wako hapa wanalia."

Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza. Sikufunga duka. Nilipanda ile barabara nikikimbia, joho la kunyolea bado liko mkononi, na njiani kote sikuwa na wazo jingine ila kwamba Mungu alikuwa amenisikia. Nilikuwa nimesema amina, na imekuwa. Akilini nilimwona mama yako amelala kando ya ndoo. Nilijiona nikikupigia shuleni. Nilijaribu kukumbuka neno la mwisho nililomwambia asubuhi, nikakumbuka nilikuwa nimelalamika kwamba chai ina moshi.

Nilipofika langoni nikamwona amesimama. Mama yako, mzima, povu la sabuni mikononi. Chini yake Susu alikuwa amekaa mchangani, amemshika vifundo vya miguu kwa mikono yote miwili, hamwachi. Watu waliokuja naye walikuwa wamesimama kando ya pikapu, wengine bado wanalia kwa sababu kilio kikishaanza hakijui kusimama, na wengine wanaangalia chini. Mama yako aliniangalia akaniuliza, "Nani amesema nimekufa?"

Kioko akasogea mbele. Akasema ni yeye aliyeleta habari, na kwamba alinisikia mwenyewe, kwa masikio yake, nikiwa dukani.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, maana haya ndiyo hasa yananifanya nikipe mgongo kioo changu mwenyewe. Yale ya dukani yalikuwa ujinga wa mtu anayependa kuchekesha. Lakini pale uani nilikuwa na nafasi. Watu wote walikuwa wananingoja. Nami nikasema, "Ni hawa matapeli wa simu." Nikasema walinipigia, nikawaweka kwa spika, na aliyesema mke wake amekufa alikuwa ni mmoja wao, akiomba mchango. Nikamwambia Kioko, ulimsikia tapeli, ndugu yangu, hukunisikia mimi. Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye huzuni juu ya nchi yake.

Waliniamini. Wote walikuwa wamesumbuliwa na simu hizo, kila mmoja alikuwa na yake ya kusimulia, na pale pale kilio kikageuka laana juu ya matapeli. Na Kioko, mtu aliyeacha nyanya zake ziuzwe na mwingine, mtu aliyesikia vizuri kabisa, akaanza kuyashuku masikio yake. Alivua kofia. Alimwendea Susu pale mchangani akapiga goti, akamwomba msamaha kwa kumletea kifo ambacho hakikuwapo. Aliomba msamaha kwa mama yako. Halafu akaja kwangu, akaniomba na mimi. Nilimshika bega nikamwambia asijali, hata mimi ningekosea.

Nilimsamehe, Mwende. Nilisimama nikamsamehe.

Susu alilala kwetu usiku huo, na kesho yake tukaenda kanisani sote, tukatoa shukrani mama yako akiwa mbele. Tuliporudi, Susu alitaka kumjulisha jirani yake kwamba angefika jioni, na simu ya mama yako ilikuwa imeisha chaji. Mama yako akachukua yangu. Ujumbe ukaingia ikiwa mkononi mwake.

Bado ninao. Ulisema: Baba, ni yule msichana wa bima, Mumbua. Hii ni namba yangu mwenyewe, si ya kazi. Leo tumewaombea kanisani kwetu, wewe na binti yako. Nilisikia uchungu wako na sikuweza kulala. Mama apumzike kwa amani.

Mama yako aliusoma akiwa amesimama. Akausoma tena. Kisha akaniwekea simu mkononi na kuniambia kwa sauti ya chini, "Nenda umwambie mama kabla hajapanda gari." Hakuniuliza kitu. Hata leo hajawahi kuniuliza nilisema nini hasa siku ile, na mara nyingi nimetamani aulize.

Kikamba chetu kina neno nthoni. Ni aibu, na ni neno lile lile tunalotumia kwa heshima kati ya mtu na wakwe zake. Tangu nimwoe mama yako sijawahi kukaa karibu na Susu, sijawahi kumpa mkono wala kumwangalia machoni, ndivyo nilivyolelewa. Siku hiyo nilisimama mbali naye, yeye amekaa kwenye kigoda chini ya paa la jikoni, nikamwambia yote nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Nilimwambia habari ya duka, ya taulo, ya sala, na kwamba Kioko alisikia sawasawa.

Kisha, naye bila kuniangalia, akasema, "Njiani nilimwomba Mungu anichukue mimi, yeye amrudishe. Nilimwapia. Sasa nimefika nimekuta mtoto yuko. Hebu niambie, nimwambieje Mungu?"

Wazee wa ukoo walisema kumtamka mtu mzima kuwa marehemu si jambo la kuachwa hivi hivi, nikaleta mbuzi, na maneno yakasemwa. Uliporudi likizo ukakuta ngozi imewambwa ukutani, tukakuambia ilikuwa sherehe ya shukrani. Padri alimwombea Susu na kumwambia Mungu hafanyi biashara ya namna hiyo. Lakini kila Susu anapougua, hata mafua tu, mimi silali vizuri. Sasa unajua kwa nini.

Nilienda Kithyoko siku ya soko nikamtafuta Kioko. Nilimwomba msamaha mbele ya watu wale wale waliokuwa wamemcheka kwamba amekuwa mjumbe wa vifo vya hewani. Alinisikiliza akiwa amebeba kreti ya nyanya, hakuiweka chini. Akasema, "Nilijua nilisikia." Bado anapita barabara yetu na pikapu, ila hajarudi kunyolewa kwangu, anaenda kwa yule wa karibu na stendi, na huyo hamnyoi vizuri, namwona kisogo kila akipita.

Mumbua nilimpigia kesho yake baada ya ule ujumbe wake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Alipokea kwa furaha, akauliza mazishi yamepangwa lini. Nikamwambia mke wangu yuko hai. Akafikiri nimechanganyikiwa kwa huzuni, akaanza tena kunituliza, na ilinibidi nirudie mara ya pili, wazi kabisa, kwamba nilikuwa namchezea.

"Ulikuwa na watu?" akauliza.

"Ndiyo."

"Walicheka?"

"Walicheka."

"Hata nilipoomba?"

"Hata ulipoomba."

Nilisikia ndege wakilia upande wake, pengine alikuwa ametoka nje. Baadaye akasema msimamizi wake alimkemea siku ile kwa kukaa na mimi muda mrefu bila kuuza, na kwamba yeye hakujali, kwa sababu aliona amefanya kitu kizuri. Alilisema hilo bila hasira. Akanishukuru kwa kusema ukweli. Akaniambia, "Sasa baba, usinipigie tena."

Ungedhani ningetii. Kesho yake nilimpigia. Nilitaka aniambie amenisamehe, nilikuwa nasikia njaa ya hilo neno. Hakupokea. Nikapiga jioni. Nikatuma ujumbe mrefu wenye mistari ya Biblia. Nikapiga tena wiki iliyofuata, nikajaribu hata kwa simu ya Mama Kalondu ili asijue ni mimi. Siku moja akajibu kwa maandishi: Nilikuomba usinipigie. Tafadhali.

Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Nilisoma hilo neno tafadhali nikakumbuka watu wote niliowatukana kwa kunipigia bila kuitwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutumia simu ya mtu mwingine kunivizia. Yeye aliniomba mara mbili kwa adabu, mimi nikazidi. Msumbufu nilikuwa mimi, Mwende. Niliifuta namba yake, na sijui alienda wapi wala kama bado anafanya kazi hiyo.

Simu hizo bado zinakuja. Jana tu nimepigiwa juu ya kiwanja. Siiweki kwa spika siku hizi. Nasema asante, sihitaji, nakutakia siku njema, nafunga. Anayeniambia nimeshinda kitu nakata bila neno, huyo ni mwizi na sina deni la adabu kwake. Namba ngeni napokea zote, hata kama nina wembe mkononi, nauweka chini kwanza. Wateja wengine walihama walipoona hakuna tena vichekesho.

Sikuambii haya ili ukatae kazi. Ni kazi ya halali na umeitafuta kwa muda mrefu. Lakini nataka ujue kuna watu kama mimi upande ule mwingine, na wengine wako na kicheko nyuma ya taulo. Ukimsikia mmoja wao, funga simu upumue. Na kuna watu wasio kama mimi. Utapigia mtu akiwa hospitalini, au akiwa anazika kweli, au mama aliye jikoni anayengoja simu ya mtoto wake na moyo wake utaruka simu itakapolia. Mtu akikuambia usimpigie tena, muamini mara ya kwanza. Na kama siku moja utaacha kusoma yale maandishi yao kwa sababu mtu analia, sijui wakubwa wako watasema nini. Mimi siwezi kukushauri. Najua tu kwamba yule aliyeacha kusoma kwa ajili yangu alikuwa bora kuliko sisi wote tuliokuwa dukani, na kama utafanana na yeye nitajua umefanana na mama yako.

Barua hii nitaiweka kwenye mkoba wako, katikati ya nguo, uipate ukishafika. Najua ningepaswa kukuambia uso kwa uso. Kesho nitakubebea mzigo mpaka kwenye gari nikiwa nimenyamaza, na usidhani nimenuna.

Ombi langu ni moja. Ukipata likizo yako ya kwanza, kabla hujaja nyumbani Machakos, pitia Kithyoko. Kaa na Susu, muulize habari ya siku ile. Nimemwambia kwamba utamuuliza, na amekubali. Atakusimulia kwa maneno makali kuliko yangu, na pengine Kioko atakuwapo. Wasikilize mpaka wamalize. Usinitetee.

Baba yako.